Bonde Hukauka Mwisho

Watu walikuwa wakiingia kwa Kocha wameshika sehemu. Nikimkumbuka, hiyo ndiyo picha inayotangulia, kabla hata ya sura yake: mlango wa mabati nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, pale Mlabani, Ifakara, na mgeni amesimama kizingitini ameshika kitu mwilini mwake kama mtu aliyekuja kushtaki. Wanaume walishika kitambi kwa mikono miwili, wakakitikisa kidogo ili ushahidi ukamilike. Mabibi harusi watarajiwa walivuta ile nyama ya nyuma ya mkono inayoning'inia gauni likikosa mikono. Mama mmoja aliingia, akageuka, akampa Kocha mgongo, akasema tu, "Haya." Kila mmoja alitaka sehemu yake hiyo itengenezwe, na kwingine kubaki kulivyo.

Kocha alimwacha mtu amalize mashtaka yake. Kisha alimwambia neno ambalo sisi wa siku nyingi tulilijua kwa moyo: "Usiniambie unataka ionekaneje. Niambie unataka ifanye nini."

Nani amewahi kujiuliza kitambi chake kifanye nini? Wengi walicheka, wakamtazama kama anayewatania, naye hakucheka. Alisubiri. Aliweza kusubiri mpaka mtu akasema kitu cha kweli: kwamba akipanda baiskeli magoti yanauma, kwamba akiinama shambani kupandikiza mpunga hawezi kusimama tena, kwamba mume wake amesema neno. Hapo ndipo Kocha alipomwonyesha pa kuweka viatu.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kilitazamana na mlango ule wa mabati, na kwa muda mrefu nilikuwa namwona tu, tunasalimiana kwa kupungiana mkono. Nilivuka barabara kwa ajili ya mgongo. Mtu akikaa kwenye cherehani miaka mingi, mgongo unachukua umbo la kiti. Aliniuliza nataka ufanye nini, nikamwambia nataka uniache nishone. Akasema hilo ndilo jibu zuri alilopata wiki ile. Nilibaki kwake, na leo nawafundisha wanawake wachache asubuhi, kwenye uwanja wa nyuma ya kibanda changu, kwa maneno yake yale yale. Kwa hiyo ukiona naeleza sana, nivumilie. Nilifundishwa na mtu aliyeamini kwamba zoezi usilolielewa ni adhabu.

Jimu yake ilikuwa banda. Vyuma havikutoka dukani. Kulikuwa na ekseli ya trekta lililokufa, puli za mashine ya mpunga zilizolika meno, na makopo ya rangi aliyoyajaza zege na kuyachomeka bomba katikati. Vumbi la pumba lilipenya kupitia nafasi za mabati, likatuangukia tukiwa tumelala chali, tukatoka pale tuna unga kichwani kama tumetoka sherehe fulani. Mashine ikiwaka, ardhi ilitetemeka na Kocha alifundisha kwa mikono. Ikizimwa, sauti yake ilibaki juu kwa dakika nzima kabla hajagundua kwamba anapiga kelele.

Hakukuwa na kioo. Vijana walilalamika sana kuhusu hilo. Walikuwa wanataka kujiona wakivimba. Kocha aliwaambia kwamba kioo kinamdanganya mtu afanyie mazoezi upande anaouona, kifua na mikono ya mbele, wakati kinachobeba gunia ni mgongo, na mgongo wako hujawahi kuuona. Maneno mazito. Lakini mimi niliyekaa ng'ambo ya barabara nilimwona mara nyingi akipita kwenye bodaboda iliyoegeshwa, akainama kwenye kioo chake kidogo, akalaza nywele, akaweka kola sawa.

Kola na mashati ndivyo vilivyokuwa siri yetu. Kabla ya kufundisha, Kocha alikuwa mbeba magunia pale pale mashineni, tena magunia ya lumbesa, yale yanayoshindiliwa mpaka yanaota kilemba. Alibeba kwa bega la kushoto. Muulize mbeba mzigo yeyote, kila mmoja ana bega lake. Miaka ile ililiteremsha bega lile chini ya mwenzake, na hakuna chuma kilicholirudisha. Alijaribu yote aliyowafundisha wengine. Basi kila shati lake nilimshonea mimi, na kila shati niliweka pedi upande wa kushoto, nene ya kutosha kudanganya macho. Hakuwahi kuniomba kwa maneno. Mara ya kwanza aligusa tu bega, akatazama pembeni. Mtu aliyewafokea wengine wasijali ionekaneje.

Sasa nieleze hoja yake, taratibu, maana ndiyo iliyompandisha na ndiyo iliyomwangusha.

Msuli na mafuta ni vitu viwili. Msuli una mahali pake. Ukitaka nyuma ya mkono pakaze, lipo zoezi lake: unashika ukingo wa benchi nyuma yako, unajishusha, unajiinua. Ukitaka mapaja na makalio, unachuchumaa na kuinuka, ukizoea unaongeza kopo la zege. Ukitaka mgongo, unavuta. Hapo kuchagua kupo, na usimruhusu mtu akwambie umechelewa, nimeona bibi mwenye wajukuu akijenga paja. Mafuta hayachaguliwi. Ukipiga sitapu mpaka utapike, unajenga msuli ulio chini ya kitambi, na kitambi chenyewe kinabaki juu yake kama blanketi juu ya kitanda. Mafuta yanaondoka mwili mzima, kwa ratiba ambayo mwili umejipangia bila kukuuliza. Kocha alifupisha yote hayo: "Kujenga unachagua. Kupungua huchagui."

Na mtu akiendelea kubisha, alimtoa nje, akamwelekeza upande wa mto kwa kidole. Aliuliza: masika yakiisha, maji yanaanza kutoka wapi? Hata mtoto wa Ifakara anajua. Yanatoka mwinukoni kwanza, nyumba zinakauka, njia inakauka, halafu majaruba ya mpunga ya juu. Kule chini maji yanakaa hata watu wakachoka kuyatazama. Huwezi kuliambia bonde litangulie kukauka. "Mashavu ni mwinuko," alisema. "Shingo mwinuko, mabega mwinuko. Tumbo ni bondeni. Bonde hukauka mwisho. Vumilia."

Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi mno, na kila mara mtu alirudi ndani ametulia. Lilikuwa neno zuri. Lilikuwa neno la kweli. Bado ni la kweli.

Tatizo la mashavu linahitaji maelezo kwa msomaji wa mbali. Kwetu mtu hapungui tu. Mtu akipungua uso, mtaa mzima unajua sababu, hata kama sababu hiyo haipo. Watasema kaukwaa, yaani ana virusi. Watasema kwa kushusha sauti, tena kwa huruma, na huruma hiyo itakutangulia sokoni. Ndiyo maana watu walimwomba Kocha jambo lisilowezekana: atoe tumbo, aache mashavu. Mfanyabiashara mmoja alimwambia wazi kwamba akikonda uso wauzaji wa jumla hawatamkopesha mzigo. Kocha hakuwa na zoezi la kunenepesha mashavu. Alichokuwa nacho ni mlango. Aliwaambia waingie jimu mchana kweupe, wavae nguo za mazoezi barabarani, watu waone wanapungua kwa kutaka. Wazo lile lilisaidia wengi. Raba miguuni na taulo shingoni vilikuwa kama cheti cha afya.

Alikuwa na tabia zake nyingine. Hakuhesabu. Sehemu nyingine wanakuhesabia mpaka kumi, mpaka ishirini. Yeye alisema mwili haujui hesabu, unajua pumzi. Neno lake lilikuwa "Pumua." Alilisema kwa wanaonyanyua, kwa wanaogombana, kwa mtu aliyefiwa. Na hakumwinua mtu. Ukiwa umelala sakafuni umeshindwa, alisimama karibu, mikono nyuma, akangoja. Nilimwona dada mmoja akimnyooshea mkono amvute, akautazama mkono ule kama tawi la mti. Alisema, "Nikikuinua leo, kesho utainuliwa na nani?" Akamwelekeza ageuke ubavu, apige goti, ainuke. Kila mtu aliinuka, hatimaye.

Alikuwa mkali kwa wanaoruka mlo, lakini mwenyewe wakati wa Kwaresima alifunga mpaka akapepesuka mbele yetu, akasingizia joto. Alisali kila Jumapili na aliondoka kanisani kabla ya matangazo, kila Jumapili, kwa sababu alisema matangazo ni mazoezi ya makalio.

Mama Devota alikuja kwa Kocha akiwa mtu mkubwa kwa kila maana. Aliuza mchele kwa jumla, sauti yake ilifika kabla yake, na alikuwa mjane aliyemlea binti mmoja, Devota, aliyekuwa amechumbiwa. Alitaka tumbo liondoke kabla ya sendofu, sherehe ya kumuaga mtoto anayeolewa. Aliingia amelishika, akasema: "Kocha, hili hapa. Lakini mashavu yangu ni mtaji, ukiyagusa nakupeleka serikali ya mtaa." Kocha alimuuliza anataka lifanye nini. Akajibu, "Lihame." Ile ilikuwa mara pekee niliyomwona Kocha akicheka mbele ya mgeni.

Alipewa mazoezi kamili, ya mwili mzima kwanza, kisha ya kukaza kiuno. Alikuwa na bidii. Na alipungua haraka. Shingo ilichongoka, mikono ikapata umbo, na watu wakaanza kumsifu Kocha. Wanawake wapya walikuja kwa jina la Mama Devota. Yeye mwenyewe alijitembeza sokoni na taulo shingoni.

Tumbo halikuondoka. Mimi nilikuwa namshonea gauni la sendofu, kitambaa cha rangi ya zambarau alichokichagua mwenyewe. Nilipunguza mabega. Nikapunguza tena. Kiunoni niliachia. Nilivuka barabara nikamwambia Kocha kwamba naona kitu cha ajabu, juu napunguza, chini naongeza. Alikuwa anafunga kamba kwenye kopo la zege, hakuinua kichwa. "Fundi, si nimewaambia? Bonde hukauka mwisho." Alisema kwa upole, kama anavyomwambia mtu mwenye haraka. Akamwongezea Mama Devota mazoezi ya tumbo.

Naomba nisieleweke vibaya. Mtu mvivu asingefanya kosa lile. Asiyejua asingeweza kulifanya. Lilihitaji mtu aliyekwisha kueleza jambo la kweli mara nyingi mpaka likasimama mbele ya macho yake. Alichokiona ndicho alichotabiri: mwinuko umekauka, bonde bado.

Minong'ono ilipoanza sokoni kwamba Mama Devota kaisha uso, alizidisha kuja. Hapo ndipo pabaya. Kwa mtu anayeogopa kuonekana kwenye foleni ya hospitali, jimu ilikuwa ushahidi mzuri. Akiulizwa, alijibu, "Niko kwa Kocha," akanyoosha mkono waone msuli. Devota alimsihi akapime. Alimjibu kwamba mtu anayekwenda kupima akiwa amekonda anakuwa amejisemea mwenyewe. Atapima baada ya sendofu, akiwa amevaa vizuri.

Siku moja, mashine ikiwa imezimwa, alilala kwenye mkeka akainua miguu kama alivyofundishwa, akaishusha, akabaki pale. Kocha alisogea, mikono nyuma. Alimwambia ageuke ubavu. Aligeuka. Apige goti. Hakupiga. Alicheka, akasema tumbo limekuwa bosi sasa, linataka kubebwa. Kocha alisimama. Sote tulisimama, maana ndiyo ilikuwa desturi ya pale na tuliijua. Mama Devota alikaa sakafuni muda mrefu, anapumua kwa mdomo, anatoka jasho la kitu kingine, si la mazoezi, mpaka akashika ekseli ya trekta iliyokuwa ukutani akajivuta mwenyewe. Watu walimpigia makofi.

Wiki ile Devota alimpeleka hospitali kwa bajaji bila kumuuliza. Ulikuwa uvimbe tumboni, mkubwa, wa siku nyingi. Walichoweza kufanya kilikuwa kidogo na kilifanyika. Alifariki mavuno yalipoanza, mji ukiwa umejaa mpunga mpaka kandokando ya barabara, wateja wake wakiuliza kwa nini stoo imefungwa.

Alizikwa na gauni la zambarau. Devota alilileta mwenyewe kibandani, akasema halifungi. Nililiachia kiunoni kwa mara ya mwisho.

Makaburini wanaume walipokezana majembe, na Kocha alikuwa miongoni mwao, anatupa udongo kwa bega la kushoto. Alipomaliza zamu alikwenda kumpa Devota pole. Nilikuwa nimemshika Devota kiuno, kwa hiyo nilisikia. Devota hakupaza sauti. Alielekeza macho shimoni na kumwambia, "Kocha, tumbo si unaliona? Halijapungua."

Kocha alibaki amemnyooshea mkono, kisha akaushusha.

Nilidhani atafunga. Hakufunga. Siku zilizofuata alifungua kama kawaida, ila mikeka ya tumbo aliikunja akaisimamisha ukutani. Mtu aliyekuja ameshika tumbo hakuulizwa tena anataka lifanye nini. Aliulizwa mambo mengine, na Kocha alituagiza sisi wa zamani tuyaulize pia yeye asipokuwepo: Unakula vizuri? Nguo zinalegea wapi, zinabana wapi? Ukilala, unalala vipi? Jibu moja lisipompendeza, hakumpa mtu mkeka. Alimwambia aende akapimwe kwanza, arudi.

Watu hawakupenda. Umekuja kutoa kitambi cha bia, unaambiwa nenda hospitali, na njiani wanakuona. Walimwita Kocha wa Rufaa. Vijana walimtania waziwazi: "Kocha, nimevimba kidole, niandikie rufaa." Ilifunguliwa jimu nyingine upande wa stendi, yenye vioo ukuta mzima na muziki, ambako unaonyesha sehemu na unapewa zoezi lake bila maswali. Wengi walihamia. Alikuwepo dereva bodaboda mmoja aliyetii, akagundulika ana ngiri, akafanyiwa upasuaji. Alirudi na kuku kushukuru. Kocha alimwambia ampelekee mama yake huyo kuku, akaingia ndani.

Mfano wa bonde aliuacha kabisa. Mara moja tu aliurudia, kwangu, siku ya mvua, tukiwa tumekaa mlangoni hakuna aliyekuja. Maji yalikuwa yamesimama barabarani. Aliyatazama, akasema, "Fundi, kuna maji yanayokaa chini kwa sababu mvua ilinyesha. Na kuna maji yanayokaa kwa sababu chini kuna chemchemi. Ukiyatazama kwa juu yanafanana." Akavuta miguu ndani. "Mimi mtu wa hapa. Sikuuliza kama kuna chemchemi."

Nilimwambia kwamba angeuliza asingejibiwa, kwa sababu Mama Devota alikuwa anaficha. Nilisema nikitaka kumsaidia. Alinitazama kwa namna iliyonifanya nisirudie tena maneno hayo.

Kila Novemba, Siku ya Marehemu Wote, watu wa mji wanakwenda kupalilia makaburi yao, wanaweka maua na mishumaa. Devota alikwenda na mumewe, baadaye na watoto. Aling'oa majani kichwani mwa kaburi la mama yake, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, akafagia. Upande wa miguuni aliuacha na majani yake. Mwaka wa kwanza nilidhani amechoka, jua lilikuwa kali. Mwaka wa pili nilielewa. Asubuhi iliyofuata, makaburi yakiwa matupu, Kocha alikwenda na jembe dogo, akachuchumaa miguuni pa Mama Devota, akapalilia pale palipobaki, akainuka, akaondoka. Nilimwona kwa sababu wazazi wangu wamelala safu ile ile na mimi huwa narudi kesho yake kuwamalizia. Devota hakusema kitu kwa mtu. Kocha naye hakusema. Na majani ya upande ule yaliachwa kila mwaka.

Mwenye mashine alipotaka banda liwe stoo, Kocha hakubishana. Alinigawia makopo mawili ya zege na mikeka, akarudi Mchombe kwa dada yake kulima. Tulisikiana kwa simu, salamu za sikukuu. Novemba aliendelea kuja, asubuhi na basi, jioni anarudi.

Mwaka huu, mwezi wa kumi, dada yake alinipigia. Alisema tu kwamba Kocha anaulizia mashati.

Nilipanda gari la Mlimba nikashuka Mchombe, mashamba yamekauka, watu wanachoma mabua wakisubiri mvua. Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda kifupi, mgongo ukutani, amevaa shati la bluu nililomshonea zamani. Nilimwamkia shikamoo nikiwa bado mbali ili nipate muda wa kupanga uso wangu. Shati lilining'inia. Na pedi ya bega la kushoto ilikuwa imeinuka peke yake kuliko bega la kulia, kama kosa la fundi, kwa sababu chini yake mabega yote mawili sasa yalikuwa yamelingana. Tumboni vifungo vilikuwa vimevutika.

Dada yake alileta uji, akakaa pembeni. Tulizungumza kuhusu mvua. Kisha nikaona siwezi kuendelea na mvua.

"Kocha, unakula vizuri?"

Alitabasamu, maana aliyajua maswali. "Kidogo. Hakishuki."

"Nguo zinalegea wapi, zinabana wapi?"

"Fundi ni wewe. Si unaona."

"Ukilala, unalala vipi?"

"Nakaa."

Nilimwambia tungeweza kuondoka siku ile ile, bajaji ipo, hospitali nawajua watu. Aliniacha nimalize, kama alivyowaacha wageni wake wote. Akasema alikwishakwenda. Alikwenda siku ile ile kifungo kilipokataa, hakungoja hata kesho yake. Walimpima wakamwambia ni ini, na kwamba limeharibika siku nyingi.

"Nilikwenda mapema, Fundi," alisema. "Ila mapema yangu haikuwa mapema ya ini."

Dada yake aliinuka akaenda kutazama moto ambao haukuwa unahitaji kutazamwa.

"Nichagulie zoezi," Kocha alisema.

Nilitaka kumwambia apumzike. Ningemwambia mtu mwingine yeyote hivyo. Lakini alikuwa amekaa wima anasubiri, na nilijua anasubiri nini, kwa hiyo nilimuuliza kama alivyonifundisha.

"Unataka lifanye nini?"

"Miguu. Nichuchumae, niinuke, nisimshike mtu. Mwezi ujao nina kazi Ifakara."

"Naijua," nikasema. "Devota atakuachia upande wa miguuni."

Alinitazama. Nilifikiri anajua. Miaka yote ile nilifikiri wote wawili wanajua, na kwamba huo ndio ulikuwa mkataba wao.

"Kuniachia?"

"Kila mwaka anakuachia. Anapalilia kote, pale anapaacha. Namwona."

Mkono wake ulikwenda kwenye bega la kushoto, ukaigusa ile pedi, ukarudi gotini.

"Nilidhani wanachoka," alisema.

"Hawachoki."

Nilivuta kiti nikakiweka mbele yake, nikamweleza, ingawa alilijua zoezi kuliko mimi. Miguu upana wa mabega. Visigino chini. Egemea mbele kwanza, uzito uende miguuni, ndipo usukume. Huko chini ya paja ndiko kazi ilipo. Kigoda ni kifupi, kwa hiyo ukiweza hiki, makaburini utaweza. Aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Aliegemea mbele. Miguu ilitetemeka mpaka suruali ikatikisika. Akarudi chini. Aliegemea tena, safari hii makalio yakaachana na kigoda, akabaki hapo katikati, hajakaa na hajasimama, ameuma meno, mshipa umetoka shingoni. Dada yake alikuja mbio kutoka jikoni amenyoosha mikono amshike. Nilimzuia. Alinitazama kama mtu mkatili, na mimi nikaweka mikono yangu nyuma, nikaikamata, ili nisimguse.

"Pumua, Kocha," nikamwambia.